Kukata perspeksi kwa rauta ya mkono: mwongozo kamili wa herufi na maumbo yenye ukingo safi

Ingia karakana yoyote ya mabango, hukosi kuona kipande cha perspeksi kilichotupwa pembeni. Ukingo wake umevimba, una mawimbi, na pale biti, yaani kisu kinachozungushwa na rauta, ilipopita plastiki imeyeyuka ikaganda tena. Watu husema fundi hana mkono mtulivu. Mara nyingi si hivyo. Aliyekikata aliogopa kukiharibu, akasukuma mashine taratibu, na utaratibu huo ndio uliomponza.

Mbao ukiikawiza chini ya biti huungua, ikabaki na weusi ambao msasa unauondoa. Akriliki, ambayo wengi wetu tunaiita perspeksi, huanza kulainika ikikaribia nyuzijoto 105. Ikilainika inashika kwenye meno ya biti, na kuanzia hapo biti haikati tena, inasugua. Kusugua kunazidisha joto, joto linazidisha kuyeyuka, na kwa sekunde chache tu ukingo umekwisha. Akriliki nayo haipitishi joto haraka kama chuma, kwa hiyo joto hilo halisambai kwenye shiti. Linabaki palepale biti ilipo. Njia nzuri ya kulitoa ni chenga, yaani vipande vidogo ambavyo biti inavikata. Chenga nene inaruka na joto lake. Vumbi laini linabaki ndani ya njia, linazungushwa na biti, na linayeyuka. Karibu kila ninachokuelekeza hapa chini, kuanzia biti ya kununua hadi mbio za mkono, shabaha yake ni kutoa chenga badala ya vumbi.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho: herufi za DUKA LA DAWA, kila moja ina urefu wa mm 300, akriliki ya mm 5, rauta ya kawaida ya mkono. Ni herufi 10, lakini maumbo ni 6 tu, kwa sababu A inajirudia mara nne na D mara mbili. Hapo ndipo kigezo, yaani umbo la kufuatisha, cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) kinapolipa: unakichonga vizuri mara moja, kisha herufi zote zinatoka sawa.

Jua ulichonunua

Dukani vitu vingi visivyofanana huuzwa kwa jina moja la perspeksi. Akriliki yenyewe iko ya aina mbili. Ya kwanza humiminwa ikiwa majimaji kati ya vioo viwili na kugandia humo. Hii ndiyo kasti. Ya pili hukamuliwa ikiwa moto kupitia mdomo wa mashine, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Kwa rauta, chukua kasti ukiweza. Inatoa chenga kavu, inavumilia joto zaidi, na ukingo wake hung'arishwa kwa urahisi. Ile ya kukamuliwa hunatanata mapema na kutoa nyuzinyuzi.

Tazama maandishi kwenye karatasi au nailoni iliyofunika shiti. Watengenezaji wengi huandika aina. Kama hakuna maandishi, pima unene sehemu kadhaa kwa kaliper, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo. Kasti mara nyingi hutofautiana unene ndani ya shiti moja, hata kwa nusu milimita kwenye shiti ya mm 5, wakati ya kukamuliwa huwa na unene sawasawa. Njia ya hakika zaidi ni kutoboa kipisi kwa drili polepole. Kasti hutoa makombo makavu, na ya kukamuliwa hutoa utepe mrefu unaojikunja kwenye biti.

Kuwa macho pia na polikaboneti na polistirini. Kipisi chembamba cha polikaboneti ukikikunja kinapinda tu hakivunjiki, ilhali akriliki inakatika kwa mlio. Polistirini ngumu, ile inayowekwa kwenye fremu za picha badala ya kioo, ina sura ya perspeksi lakini inayeyuka upesi kuliko zote na haifai kwa bango la nje. Ukiwasha kipisi chake kidogo nje, penye hewa, kinatoa moshi mweusi mzito wenye masizi. Akriliki huwaka kwa moto safi zaidi. Usifanye jaribio hilo kwa PVC, plastiki ya mabomba ya maji. Moshi wake una asidi inayochoma mapafu na kutia chuma kutu.

Usibandue kifuniko cha shiti. Kinazuia mikwaruzo, na juu yake ndipo unapochora.

Rauta na biti

Rauta ndogo ya mkono inatosha kwa mm 5, ila iwe na kidhibiti cha mizunguko. Isiyo na kidhibiti huzunguka karibu mara 30,000 kwa dakika wakati wote, na kwa biti ya meno mawili hayo ni mengi mno kwa plastiki.

Kabla ya kununua biti, angalia koleti, yaani shingo inayobana shina la biti. Sokoni kwetu zimechanganyika mashine za mm 6 na za robo inchi, ambayo ni mm 6.35. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Shina la mm 6 ndani ya koleti ya mm 6.35 linaonekana limebana, lakini likipata joto na mtikisiko linateleza. Biti inashuka yenyewe katikati ya kazi, au inayumba kidogo na kuacha mawimbi ambayo utayatafutia sababu usiipate. Pima kwa kaliper, nunua koleti inayolingana. Unapoingiza biti, izamishe mpaka chini kisha irudishe juu mm 2 au 3 ndipo ukaze, kwa sababu biti iliyogota chini haibanwi sawasawa.

Biti mbili zinamaliza kazi hii:

Ya kwanza ni ya jino moja, ya kabaidi, kipenyo cha mm 6, yenye mfereji mpana wa mviringo uliong'arishwa ndani. Hii imeundwa kwa ajili ya plastiki. Mfereji mpana unaipa chenga nafasi ya kutoka. Chagua ile inayovuta chenga juu. Inayozisukuma chini huzijaza kwenye njia na kuziyeyusha upya. Ya kuvuta juu ina tabia ya kuinua shiti pia, kwa hiyo ubanaji uwe wa uhakika.

Ya pili ni biti iliyonyooka ya meno mawili yenye beringi upande wa shina, kipenyo cha mm 12.7. Beringi inatembea kwenye kigezo, meno yanakata plastiki iliyo chini yake. Hakikisha beringi ina kipenyo sawa na meno, na inazunguka bila kukwama. Beringi iliyojaa gundi ya MDF huacha kuzunguka peke yake, inazunguka na shina, na inachoma kigezo.

Biti ya plastiki usiifanyie kazi ya mbao. Gundi iliyo ndani ya MDF na plaiwudi inatafuna makali haraka, na makali yaliyochoka, hata ukiyaona bado yana uhai kwenye mvule, kwenye akriliki yatasugua. Ziweke kwenye kikopo chake, ziandike.

Hesabu ya mbio za mkono

Usiiruke sehemu hii, maana ndiyo inayokutoa kwenye kubahatisha. Unene wa chenga unapatikana hivi: chukua umbali unaosukuma kwa dakika, gawanya kwa mizunguko ya dakika hiyo, kisha gawanya kwa idadi ya meno. Kwa akriliki lenga kati ya mm 0.1 na mm 0.2. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa mm 0.1 hivi, kwa hiyo unatafuta chenga ya unene wa karatasi moja hadi mbili.

Tuseme mkono wako unasukuma mm 40 kwa sekunde, yaani mita moja kwa sekunde 25. Ni mwendo mzuri kwa binadamu. Kwa dakika hiyo ni mm 2,400. Ukiwa na jino moja na mizunguko 18,000, chenga ni mm 0.13. Safi. Ukiweka biti ya meno mawili kwa mizunguko hiyohiyo, chenga inashuka hadi mm 0.067, na ukiacha mashine kwenye 28,000 inakuwa mm 0.043. Hilo ni vumbi, na tayari unayeyusha. Huwezi kukimbiza mkono mara mbili zaidi bila kupoteza udhibiti. Unachoweza ni kushusha mizunguko. Kwa biti ya meno mawili weka 12,000 na unarudi kwenye mm 0.1.

Ndiyo maana biti ya jino moja inapendwa. Inakupa chenga nene kwa mwendo ambao mkono wa mtu unaumudu.

D yetu, yenye upana wa mm 220 na mgongo uliopinda kwa nusu duara, ina mzunguko wa nje wa mm 911. Kwa mwendo huo unaizunguka kwa sekunde 23 hivi. Weka simu yenye saa mezani, shika rauta ikiwa imezimwa na haina biti, fanya mazoezi ya kuzungusha kigezo mpaka mkono uzoee hizo sekunde 23. Anayefanya hivi kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu mwendo sahihi unaonekana wa haraka mno.

Kigezo

Chonga kigezo kwenye MDF ya mm 9 au 12. Chini ya hapo beringi haina pa kukanyagia. Chora herufi kwenye karatasi au chapisha, bandika juu ya MDF, kata kwa jigso (msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka) nje kidogo ya mstari, kisha malizia kwa msasa ulioviringishwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Pitisha kidole ukingoni ukiwa umefumba macho. Kila kibonde unachokisikia kwa kidole, beringi itakihamishia kwenye plastiki, na kwenye akriliki inayong'aa kitaonekana mara mbili zaidi. Saa nzima kwenye kigezo cha A haipotei, kwani A ziko nne.

Kona za ndani zinahitaji uamuzi wakati huu, usingoje biti iamue. Biti ya mm 12.7 haiwezi kuacha kona ya ndani yenye nusu kipenyo chini ya mm 6.35. K, A na W zina mabonde ya aina hiyo. Wateja wengine hutaka bonde lenye ncha kali, na mimi huwa nawakatalia kabisa kwa kazi ya nje. Ncha kali ya ndani kwenye akriliki ndipo ufa unapozaliwa. Jua na upepo vikilivuta bango, mkazo wote unakusanyika pale. Mviringo mdogo unautawanya. Ukitaka bonde lionekane kali zaidi, rudia pale kwa biti ya beringi ya kipenyo cha mm 6, ubaki na mviringo wa mm 3. Kwa mtu anayetazama kutoka barabarani ni kona tu.

Kukata kwa mara ya kwanza

Gandisha kigezo juu ya shiti kwa dabo tepu, ile yenye gundi pande zote mbili. Tumia vipande vifupi vingi, bonyeza kila kimoja kwa nguvu. Chora mstari mm 2 au 3 nje ya kigezo, ondoa kigezo ukipenda, na kata kwa jigso kufuata mstari huo. Bledi iwe ya chuma yenye meno madogo, mwendo wa chini, na kile kiswichi kinachoifanya bledi ipige mbele na nyuma kizimwe. Shiti ilazwe kwenye meza, mahali pa kukata pasining'inie. Akriliki inayotetemeka hewani hupasuka.

Huna jigso? Tumia biti ya jino moja. Kata njia nzima nje ya mstari kwa awamu mbili, mm 2.5 kila moja. Kanuni ninayoifuata ni kutozidisha nusu ya kipenyo cha biti kwa awamu. Chini weka ubao wa kafara ili biti ipite bila kugusa meza. Kipande kinachokaribia kuachana na shiti kibanwe kwa klempu pande zote mbili kabla ya sentimita za mwisho, kwa sababu kikiachia kikiwa na biti ndani yake kitarushwa, na kikirushwa lazima kimegeke.

Tobo la ndani la D na la A linaanza kwa drili. Biti ya kawaida ya chuma ina ncha inayojivutia ndani, na ikitokeza upande wa pili inamega. Biti ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, ni salama zaidi. Weka kipande cha mbao chini, bana vyote viwili pamoja, na legeza mkono inapokaribia kutokea. Unahitaji tundu la mm 16 hivi ili biti ya mm 12.7 iingie bila kugusa pembeni.

Kupitisha rauta

Rudisha kigezo. Bana herufi kwenye meza, na pale ambapo klempu inakuzuia, kata upande mmoja, zima, hamisha klempu, kata upande wa pili. Kisha tafuta vipande vya MDF ya unene uleule wa kigezo, juu ya vipisi vya akriliki hiyohiyo, vipange nje ya herufi kwa nafasi ya mm 30 au 40. Kitako cha rauta kitakanyaga herufi upande mmoja na vipande hivyo upande mwingine. Mguu wa herufi una upana wa mm 60 tu, na zaidi ya nusu ya kitako ingebaki hewani. Rauta ikiinama hata kidogo biti inachimba ukingo. Wengi huuruka mpango huu wa vipande, na ndio unaotofautisha herufi ya kuuza na ya kutupa.

Sasa mbinu ya kupata ukingo wa mwisho ulio safi. Bandika tabaka tatu za masking tepu kwenye ukingo wa kigezo, kuzunguka pote. Zunguka na rauta mara ya kwanza. Beringi imekanyaga tepu, kwa hiyo imebaki akriliki ya karibu mm 0.4. Zima, bandua tepu, zunguka tena. Raundi hii ya pili inaondoa kidogo sana, biti haihangaiki, na ukingo unatoka laini wenye ung'avu hafifu. Usipunguze mbio kwa sababu kazi imekuwa nyepesi. Hapo ndipo vishawishi vya kukawia vinapokuja.

Kuhusu mwelekeo, kumbuka neno moja: ukingo unaoukata uwe mkono wako wa kushoto unapoitazama njia unayokwenda. Ukizunguka herufi kwa nje, inakuwa kinyume cha mwendo wa saa. Ukiwa ndani ya tobo la D, inakuwa kufuata mwendo wa saa. Biti inazunguka kufuata saa ukiitazama kutoka juu, na kwa mwelekeo huu inapingana na mkono wako na kujikandamiza kwenye kigezo. Ukigeuza mwelekeo, biti inashika na kukimbia yenyewe mbele. Kwa mashine ya mkono hilo linavunja kazi na linaweza kukuumiza.

Washa mashine biti ikiwa haijagusa kitu. Ikifika kasi yake, ingia ukingoni ukiwa tayari kwenye mwendo. Kwenye kona usisite. Ukilazimika kusimama, vuta rauta nje ya ukingo kwanza ndipo usimame; biti inayozunguka mahali pamoja kwa sekunde mbili inaacha alama ya moto. Ukimaliza, toka nje, zima, subiri biti isimame kabisa kabla ya kuinua.

Muda wote sikiliza na utazame. Sauti nzuri ni ya mvumo mmoja usiobadilika. Mlio mkali unaopanda maana yake unasugua. Mgongano wa haraka maana yake shiti inatetemeka, haikubanwa karibu na unapokata. Chenga ziwe kavu, nyepesi, zimetengana. Zikija nyuzi, joto limezidi au shiti si kasti. Zikija unga, ongeza mwendo au shusha mizunguko. Na ukisikia harufu tamu kali inayochoma pua, simama: hiyo ni akriliki inayopata moto. Chomoa waya, angalia biti. Kama kuna plastiki iliyoganda kwenye mfereji, itoe kwa kijiti cha mbao, usitumie kisu.

Hewa ya kompresa ikielekezwa kwenye biti inasaidia sana, inapoza na kufukuza chenga kwa pamoja. Maji usiyathubutu kwenye mashine ya umeme iliyo mikononi mwako.

Umeme wenyewe uangaliwe. Eksitensheni ndefu yenye waya mwembamba hushusha volti, mizunguko inapungua kila unapobana, na chenga zinabadilika katikati ya herufi. Tumia waya mnene na mfupi.

Usalama

Vaa miwani inayofunika hadi pembeni, kwa kuwa chenga za akriliki ni ngumu na zina ncha. Ziba masikio, vaa barakoa. Glavu usivae ukiwa na rauta. Biti ikishika uzi wa glavu inavuta na kidole. Mikono ya shati ikunjwe, lemba au mtandio uchomekwe ndani. Kila unapobadilisha biti, chomoa plagi kutoka ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Kipande kidogo kuliko kiganja usikishike kwa mkono karibu na biti. Kigandishe kwenye ubao mkubwa kwanza.

Ukingo

Ukingo ulioufanyia raundi mbili unahitaji kazi ndogo. Anza kwa kukwangua. Chukua bledi ya msumeno wa chuma, geuza upande wa mgongo usio na meno, ishike wima na uivute ukingoni kwa mkono mmoja thabiti. Inatoa utepe mwembamba na kuondoa alama za biti bila kuleta mikwaruzo mipya. Pembe mbili za juu na chini zipitie mara moja kwa nyuzi 45 ili zisikate mikono.

Kama mteja anataka ukingo unaopenyesha mwanga, endelea na msasa wa maji: 400, 800, kisha 1200, kila mmoja mpaka mikwaruzo ya uliotangulia iishe. Malizia kwa dawa ya kung'arishia rangi ya magari na kitambaa laini. Moto wa gesi nao hung'arisha kasti kwa sekunde chache ukiupitisha haraka, ila unaacha mkazo ndani ya plastiki. Ukingo uliopigwa moto usiugundishe kwa gundi ya kuyeyusha, ile ya majimaji ambayo baadhi ya mafundi hutumia klorofomu. Vikikutana, vinyufa vyembamba kama nywele vinajitokeza, pengine siku hiyohiyo, na havina dawa.

Kwa sababu hiyohiyo, usifute ukingo mpya kwa spiriti, thina, petroli wala dawa ya vioo yenye amonia. Maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo yanatosha, tena yanapunguza ule umeme tuli unaozing'ang'aniza chenga kwenye shiti. Chenga zenyewe zifagie uzitie kwenye mfuko. Usiziache zifuate maji hadi mtaroni.

Kwa plastiki nyingine

Polikaboneti inavumilia joto zaidi, hadi karibu nyuzijoto 147, na haimegeki, kwa hiyo inasamehe ubanaji mbaya. Lakini ukingo wake hutoka na ndevu, hauvutii mng'ao kwa moto, na uso wake unakwaruzika kirahisi. Bodi za plastiki za kukatia nyama, zile nyeupe za HDPE, zinataka biti kali mno na chenga nene kuliko za akriliki. Ndevu zake zikwangue kwa kisu. Bodi ya povu ya PVC ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa herufi za ndani ya duka naipendekeza kabla ya akriliki. PVC usiipeleke kwenye mashine ya leza kwa sababu ya ile gesi ya asidi, na polikaboneti kwenye leza hubadilika rangi kuwa kahawia. Kwa hizo mbili rauta ndiyo chombo chake.

Kabla hujapanda ngazi

Akriliki hutanuka karibu mm 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Kati ya alfajiri na jua la saa saba, shiti iliyo ukutani inaweza kupanda nyuzijoto 30. Kwa herufi ya mm 300 hiyo ni mm 0.6 tu. Lakini kama herufi zimebandikwa juu ya shiti nzima ya mm 2,440, shiti hiyo inarefuka mm 5. Ukiifunga kwa skrubu za mm 5 zilizobana kwenye matundu ya mm 5, haina pa kwenda. Itabinuka au itapasuka kuanzia kwenye tundu. Toboa matundu ya mm 8 katikati ya shiti na mm 10 kwenye ncha zake, yakae mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo chake, weka washa pana ya mpira chini ya kichwa cha skrubu, na kaza mpaka washa iguse tu. Ukiisukuma shiti kwa kiganja inatakiwa isogee kidogo.